Tarehe Kumi na Sita, Mwezi wa Nane

Simu iliita Fortunée akiwa na mikono ndani ya unga. Hakuhitaji kutazama jina. Tangu Pasaka mtu mmoja tu ndiye aliyempigia kila Jumapili jioni, naye alikuwa na swali moja tu.

"Habari ya jioni, Mama Natha. Umepata tarehe?"

"Bado, Mama Whitney. Boss hajanijibu."

"Hajakujibu ama hujamuuliza?"

Fortunée alitazama dari. Aliyekuwa upande wa pili wa simu ni Wanjiku wa Katy, kitongoji cha Houston, nesi mkuu wa zamu katika hospitali moja ya huko. Kazi yake ilikuwa kuwapanga manesi wasigongane, na aliongea na mkwe mwenzake mtarajiwa kana kwamba naye ni nesi aliyechelewa kazini. Binti yake Whitney alikuwa amechumbiwa na Nathanaël, mtoto wa kwanza wa Fortunée. Kilichobaki ni siku ya mahari: Wakongo wapande gari kutoka Dallas, wazee wa pande mbili wakae, mambo yaishe. Na Wanjiku alikwisha kusema mapema kwamba kwao mama mzazi wa kijana asipokuwapo, wazee hawafungui mdomo.

"Nimemuuliza mara tatu," alisema Fortunée. "Anasema ataniambia."

"Basi muulize ya nne. Mimi nilikuwa nimesema Jumamosi ya tarehe kumi na tano Agosti. Nina wajomba wawili, mmoja yuko Seattle, mwingine Atlanta, na nime-swap shift mbili. Siwezi kuwaambia watu wazima wangoje mpaka boss wako ajisikie kuongea."

"Nakuelewa, mama."

"Usinielewe. Nipe tarehe."

Simu ilikatika. Mumewe Siméon, aliyekuwa amelala kwenye kochi akingoja zamu yake ya usiku ya ghala, alifumbua jicho moja.

"Amesema nini?"

"Ile ile."

"Na yule Mkorea?"

"Ile ile."

"Sasa banaume bazima," alisema Siméon, akilifumba tena jicho lake, "siku mama yao alizaliwa habaijue?"

Kiini cha kero ni hiki. Kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi Fortunée alikuwa akimtunza mama mzee wa Kikorea huko Carrollton, kando ya Dallas: kumwogesha, kumlisha, kumtoa kitandani na kumweka kwenye kiti cha magurudumu. Bwana Yun, mtoto wa mama huyo, alimwajiri kwa sharti moja. Siku yoyote angeweza kuomba ruhusa isipokuwa moja, ile ambayo mama yake angetimiza miaka tisini. Wageni wangetoka Los Angeles, wengine Seoul, na hakuna mtu mwingine aliyejua kumlisha mzee yule mbele ya watu bila kumwaibisha. "Ukikosa siku hiyo," alisema, "usirudi." Siku yenyewe hakuitaja. Na kila Fortunée alipouliza ni lini, Bwana Yun alisikia ombi la ruhusa, akakunja uso na kujibu kwamba atamjulisha.

*

Merveille, binti yao wa miaka kumi na tisa, ndiye aliyesema aulizwe mwenye siku.

"Mom, just ask Halmoni." Halmoni ni bibi kwa Kikorea, na nyumba nzima hapo kwao Vickery Meadow, Dallas, ilikuwa imezoea kumwita hivyo mzee ambaye hawakuwahi kumwona. "Nitakufundisha. Si ninaangalia series zao kila siku?"

Merveille alikuwa keshia katika duka kubwa la Wakorea. Alimfundisha mama yake sentensi fupi, naye Fortunée akaikariri ndani ya treni siku mbili. Siku ya tatu Merveille alirudi kutoka kazini akiwa amenywea.

"Usiseme. Please, usiseme ile kitu."

"Kwa nini?"

"Nimemwambia yule mama wa kaunta ya samaki. Alicheka mpaka akaweka kisu chini. Anasema ile ni ya kuulizia rafiki yako wa shule. Mtu wa miaka tisini ukimuuliza vile ni kama umemvuta sikio. Hata neno la birthday, kwa mzee ni lingine kabisa."

Fortunée hakushangaa. Kwao Uvira pia mtoto hakuweza kumuuliza babu yake umezaliwa mwaka gani kama anayemuuliza muuza viazi bei. Alichoshangaa ni kwamba alikuwa karibu kupoteza kazi kwa mafunzo ya sinema.

"Na wewe unaitaga ile masomo," alisema. "Alors, yule mama wa samaki anafundisha?"

Alifundisha. Wiki tatu, Jumapili baada ya kanisa, Fortunée alisimama mbele ya kaunta ya samaki akirudia maneno huku wateja wakimzunguka na vikapu. Ni saa ngapi, kwa mtu mkubwa. Leo ni tarehe ngapi, kwa mtu mkubwa. Utafika lini, niondoke saa ngapi, siku yako ya kuzaliwa ni lini, yote kwa mtu mkubwa, kila swali likiishia na mkia mrefu wa heshima ambao mama wa samaki hakukubali ukatwe hata kidogo. Alimfundisha pia kwamba haulizi akiwa amesimama juu ya mzee, wala akiwa na kitambaa cha kufutia mkononi. Unashuka, unatua mikono, ndipo unauliza.

Jumatatu, baada ya uji, Fortunée alipiga magoti kando ya kiti cha magurudumu.

"Halmoni," alisema, "sengshini onje ishimnikka?"

Uso wote wa mzee ukakunjuka, akamshika kidevu na kumgeuza huku na huku kama mtu anayekagua sahani mpya. Aliinua vidole vinane. Kisha kumi. Kisha sita. Alisema kwa Kikorea, polepole, mara mbili, na Fortunée alielewa namba zote: mwezi wa nane, tarehe kumi na sita.

Hakuishia hapo, kwa sababu hakuwa mtu wa kuishia nusu. Jioni Bwana Yun alipoingia, alimwambia kwa Kiingereza kwamba Halmoni amesema siku yake ni tarehe kumi na sita mwezi wa nane. Ni kweli?

"Ni kweli," alisema Bwana Yun, akitafuta funguo. "Ndiyo siku yake."

Watu wawili walikuwa wamethibitisha. Fortunée alimpigia Wanjiku akiwa bado kituoni.

"Mama Whitney, tarehe ninayo. Siku ya mama wa boss ni tarehe kumi na sita Agosti. Kwa hiyo ile kumi na tano haiwezekani, kesho yake mapema niko kazini, na maandalizi yanaanza siku moja kabla. Tusogeze."

"Mpaka lini?"

"Mbali kabisa. Tusigusane na hiyo siku. Septemba ishirini na sita, ni Jumamosi."

Upande wa pili ilisikika kalamu ikibofywa.

"Septemba ishirini na sita. Sawa. Nita-change tiketi za wajomba. Lakini nisikilize, Mama Natha. Mzee wangu, Onyancha, amesema hivi: tarehe ya kwanza ni ya kuombana, ya pili ni ya kuheshimiana. Ya tatu hakuna. Wazee wakirudi kwao mara hiyo, Whitney na Nathanaël watajua wenyewe."

"Ya tatu haitahitajika," alisema Fortunée. Alikuwa na hakika.

*

Tarehe kumi na sita Agosti ilikuwa Jumapili. Fortunée alikosa ibada, akavaa kitenge chake kizuri, akabeba kingine kipya ndani ya karatasi ya zawadi, na Merveille akamfikisha Carrollton saa moja asubuhi ili apate muda wa kumwogesha mzee na kumpamba.

Bwana Yun alifungua mlango akiwa na kaptura. Nyuma yake nyumba ilikuwa kimya. Hakukuwa na kiti kilichokodiwa, wala ua, wala harufu ya kupika.

"Leo ni Jumapili," alisema. "Kuna tatizo?"

"Nimekuja kwa ajili ya siku ya Halmoni."

"Siku gani?"

"Tarehe kumi na sita, mwezi wa nane."

Bwana Yun alimtazama, akatazama kitenge, akatazama zawadi. Kisha akacheka. Alicheka mpaka mkewe akatokea kuona kuna nini, naye alipoelezwa akaziba mdomo kwa kiganja na kurudi ndani haraka.

"Si mwezi wa nane huo," alisema Bwana Yun, akifuta macho. "Watu wa umri wa mama wanahesabu kwa kalenda ya zamani, ya mwandamo. Kila mwaka siku yake inahama. Kila mtu anajua."

Alitoa simu, akaitelezesha kwa kidole, akamwonyesha. Fortunée alisoma mara ya kwanza. Akasoma tena akianzia kwenye jina la siku.

Jumamosi, Septemba ishirini na sita.

"Bwana Yun," alisema, na kitenge cha zawadi kikawa kizito kwapani, "siku hiyo mwanangu anatoa mahari. Houston. Wazee wanatoka mbali. Mimi mwenyewe ndiye niliyeichagua, kwa sababu yako."

Bwana Yun aliacha kucheka. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amekwisha kukodi ukumbi.

"Nilikuambia siku moja tu, Fortunée. Kati ya siku zote za mwaka, moja."

"Hukuniambia ni ipi."

"Mama alikuambia. Mimi nikakuambia ni kweli."

Fortunée alimkabidhi zawadi ya Halmoni, akaondoka.

*

"Kama Ramadhani!" alisema Siméon. Alikuwa ameketi wima sasa. "Fortunée, si tuliishi na Waislamu kule Uvira? Si tulikuwa tunaona inakuya mwezi huu, mwaka mwingine inakuya mwezi ule? Unasoma Kikorea wiki tatu mbele ya samaki, na huulizi ni kalenda gani?"

"Ningejuaje kuuliza? Wewe ukiniambia Jumatatu, nakuuliza ni Jumatatu ya nani?"

"Mtu yeyote angeuliza."

"Mtu yeyote nani? Si njo wewe ulikuwa unalala hapo na jicho moja!"

"Guys," alisema Merveille kutoka jikoni, "nobody asked. It's fine."

"Si fine," walisema wote wawili kwa pamoja, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana jioni ile.

Wanjiku alisikiliza habari yote bila kumkatiza, jambo lililomtisha Fortunée kuliko kelele.

"Nisaidie nielewe," alisema hatimaye. "Uliikimbia hiyo siku mpaka ukaipata."

"Ndiyo, mama."

"Na ukaichagua wewe mwenyewe. Kwa mdomo wako."

"Ndiyo."

"Mimi nina manesi hamsini. Sijawahi kuona mtu amejipangia hivi." Alishusha pumzi. "Sikiza. Wajomba wanaruka usiku huo huo. Wataondoka hapa kwangu saa kumi na mbili jioni kwenda airport. Siméon na wenzake waje mapema, tuwalishe. Wazee hawataanza bila wewe. Lakini saa kumi na mbili mimi sina uwezo wa kumshika mtu shati."

Kutoka Carrollton hadi Katy ni saa nne, barabara ikiwa na huruma. Fortunée alihesabu kurudi nyuma: lazima aondoke saa nane mchana. Alimwambia Bwana Yun kwamba atakuja alfajiri, atamwandaa mama, atamlisha mbele ya wageni, na angependa kujua ataondoka saa ngapi.

"Chakula kikiisha."

"Kinaisha saa ngapi?"

"Fortunée, ni sherehe, si treni."

Aliuliza tena wiki iliyofuata. Akauliza na ile nyingine. Kila mara alijibiwa chakula kikiisha, kana kwamba chakula kilikuwa mtu wa familia anayejiamulia mambo yake.

*

Ukumbi ulikuwa juu ya mgahawa, na wageni walijaa meza kumi. Halmoni alivaa hariri ya rangi ya zambarau, mbele yake mnara wa keki za mchele, matunda yaliyopangwa kama matofali, na watoto na wajukuu walipita makundi makundi wakimsujudia. Fortunée alikaa nyuma kidogo ya bega lake la kushoto, akimlisha supu kwa kijiko kidogo kila watu walipogeuka kutazama kamera. Kwa saa mbili hakuna tone lililoanguka kwenye hariri. Chini, kwenye maegesho, Merveille alikuwa ndani ya gari tangu saa sita. Siméon, Nathanaël na wazee wao walikuwa wamefika Katy tangu saa tano, na Siméon alikuwa akituma ujumbe kila baada ya muda mfupi, wa mwisho ukiwa alama ya kuuliza peke yake.

Saa nane kasorobo nyama ilikuwa bado inaletwa. Fortunée aliinuka, akazunguka meza hadi alipoketi Bwana Yun na wageni wa Seoul, akapiga goti moja, akatua mikono.

"Myot shie kado twegessumnikka?" aliuliza. Niruhusiwe kuondoka saa ngapi?

Meza nzima ilimgeukia. Kisha mzee mmoja wa Seoul akapiga meza kwa kiganja, na watu wakaanza kupiga makofi.

"Umesikia? Umesikia alivyosema?" Mwanamke mmoja alimshika mkono. "Kama mtangazaji wa habari! Nani amekufundisha?"

"Mama wa samaki," alisema Fortunée. "Tafadhali, saa ngapi?"

"Rudia, rudia!" Kijana mmoja alikuwa ametoa simu na kumwelekezea. Fortunée alirudia, maana aliwaza labda hawakulisikia swali. Makofi yakawa makubwa zaidi na meza ya pili ikageuka. Wajukuu wa Bwana Yun, waliozaliwa Texas na ambao hawakuweza kusema sentensi ile, waliambiwa na shangazi yao waone aibu. Bwana Yun mwenyewe alikuwa akitabasamu na kuwaelezea wageni kwamba huyu anatoka Kongo, hebu fikiri, Kongo. Mzee wa Seoul alimwomba aseme na tarehe ya leo. Hakuna aliyemjibu.

Alikuwa amebaki pale chini, goti likianza kuuma, ndipo kikombe kilipogongwa kwa kijiko. Halmoni alikuwa akigonga. Aligonga mpaka ukumbi ukatulia, akamtazama mwanawe, akasema maneno machache makali ambayo Fortunée hakuyaelewa. Kisha akamgeukia yeye na kusema, taratibu, kwa ule mkia mrefu wa heshima ambao mama wa samaki alisema unatumiwa kwa wakubwa:

"Chigum kashipshio."

Nenda sasa hivi.

"Mama," alisema Bwana Yun, akiinuka nusu, "keki bado. Nani atakulisha?"

Mama yake alimpa kile kijiko.

Fortunée aliinama hadi kiunoni, akampitia mke wa Bwana Yun na kumwambia vidonge ni viwili baada ya supu, asilazwe mara moja, na atafutwe kidevu kutoka chini kwenda juu. Halafu akashuka ngazi.

*

Ujumbe uliingia walipokuwa karibu na Corsicana, njiani kwenda Houston. Bwana Yun alimshukuru kwa kazi yake nzuri. Asije Jumatatu.

"Nani?" aliuliza Merveille.

"Angalia barabara."

"Is it him? Mom. Mom, amekufukuza? Kwa sababu Halmoni amekuambia uende?"

"Kwa sababu wageni walisikia mama yake akimgombeza. Angalia barabara, Merveille."

Hakulia. Alihesabu kodi, gari, harusi yenyewe, akakuta hesabu haitoki, akaiacha. Houston magari yalikuwa yamesimama kama kawaida ya Houston, na saa kumi na mbili ilipita wakiwa bado nyuma ya lori la magodoro.

Walipoingia Katy, sanduku la mjomba wa Seattle lilikuwa tayari ndani ya gari na mjomba wa Atlanta alikuwa na mguu mmoja mlangoni. Nathanaël alikuwa amesimama mbele ya gari hilo, na ilionekana wazi kwamba hakusimama pale kwa bahati. Siméon alikuwa akiwasimulia wajomba hadithi ndefu ya Ziwa Tanganyika ambayo hakuna aliyeiomba. Wanjiku alikuwa barazani, amekunja mikono.

"Saa kumi na mbili na dakika kumi na nane," alisema.

"Najua, Mama Whitney."

"Kwetu anayechelewa anatozwa."

"Nitozwe."

"Mbuzi mmoja."

"Hata wawili. Wazee wakae kwanza."

Wanjiku alimtazama miguu hadi kichwa, sketi nyeusi ya kazi, blauzi yenye tone moja la supu ya watu wengine. Kisha akawageukia wajomba na kusema kwa sauti ya zamu ya usiku kwamba kuna ndege nyingine kesho saa moja asubuhi, na kwamba yeye mwenyewe atawapeleka. Mjomba wa Seattle alifungua mdomo. Mzee Onyancha, ambaye ameishi na mke huyo miaka ishirini na saba, alimshika kiwiko na kumrudisha ndani.

Mambo yalikwisha kabla ya saa tatu. Mbuzi wa kuchelewa aliingizwa kwenye hesabu, akatolewa, akaingizwa tena. Watu walicheka, wakala chakula kilichopashwa mara ya tatu, na Fortunée aliketi kati ya wanawake akiwa amevua viatu chini ya meza. Hapo ndipo Wanjiku alipotoa kalamu yake na kuibofya.

"Sasa, Mama Natha. Harusi. Tusirudie yale. Wewe ndiye mwenye kazi ngumu, kwa hiyo anza wewe. Uko free lini?"

Siméon alitazama sahani. Alikuwa ameambiwa barazani, kwa maneno mawili.

"Siku yoyote," alisema Fortunée. "Kuanzia Jumatatu sina kazi."

Wanawake waliacha kutafuna. Wanjiku hakusema pole. Alimsogezea sahani ya chapati, akamwekea mbili, akamimina chai, na alipomaliza yote hayo akaishika tena kalamu.

"Siku yoyote si tarehe," alisema. "Nitajie tarehe."

Fortunée alikunywa chai yote kwanza. Walimngoja.

"Desemba kumi na mbili," alisema. "Jumamosi. Na mwenye kalenda nyingine aiseme sasa hivi."